Raifo iliyotumika Handeni: karatasi kwanza, fedha baadaye

SOKO la Manundu mjini Korogwe lina kila kitu kinachouzwa kwa sauti ya juu: mahindi, maharage kutoka milima ya Lushoto, machungwa ya Muheza, na matairi yaliyovuliwa kwenye malori ya barabara kuu ya Arusha. Bidhaa moja haipangwi mezani wala haina mpiga debe. Bunduki ya kuwindia iliyotumika huuzwa kwa kunong'ona, na habari zake husafiri kilomita 65 hadi Handeni haraka kuliko bei ya mahindi.

Kwa kuwa bidhaa hiyo haina soko la wazi, haina pia bei inayojulikana. Muuzaji hutaja anachokitamani, mnunuzi hujibu anachokimudu, na katikati hakuna kipimo chochote. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Mnunuzi wa kawaida hana utajiri wowote. Ni mkulima wa mahindi wa upande wa Mkata, Kabuku au Sindeni, mwenye ekari 20 hivi, ambaye usiku analia na nguruwe pori na mchana analia na nyani. Ameuza mavuno, fedha anazo mkononi, na ndugu zake wawili wako tayari kuchangia. Muuzaji mara nyingi ni mjane au mtoto wa mzee aliyekuwa mwindaji. Bunduki imo kabatini tangu mzee afariki. "Kitabu chake kipo, mwanangu," anaambiwa mnunuzi, na kweli anaonyeshwa kitabu cha leseni, kimechakaa, kina jina la marehemu.

Kabla ya kuuliza bei, mkulima huyo ana maswali matatu ya kujibu. Silaha hiyo ni ya kazi gani, ina hali gani, na je, kisheria inaweza kuwa yake? Kwa bahati mbaya wengi huanza na la nne: inauzwa shilingi ngapi?

Bunduki hizi zina historia. Korogwe ni nchi ya mkonge, na enzi za mkoloni mameneja wa mashamba, Wagiriki na Waingereza kwa wingi, waliwinda Jumapili kama wengine wanavyocheza bao. Mashamba makubwa yalipotaifishwa mwaka 1967 wengi wao waliondoka. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1978. Raifo zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi zikakaa kabatini, na kabati la mwambao na nyanda za Tanga, kwa unyevu wake, halihurumii chuma.

Ndiyo maana mnunuzi wa leo hukutana na majina yale yale: BRNO kutoka iliyokuwa Czechoslovakia, Mauser za Ujerumani, na mara moja moja bunduki ya Kiingereza yenye jina la duka la London kwenye mtutu. Risasi zake ni .375 Holland & Holland iliyoanza mwaka 1912, .458 Winchester ya mwaka 1956, au .30-06 ya mwaka 1906. Si silaha duni. Raifo ya aina hiyo iliyotunzwa hupita kwa baba na mtoto na bado ikapiga sawasawa.

Swali ni kama nguruwe wa Sindeni anahitaji .375. Risasi hiyo imekusudiwa nyati na tembo. Kanuni za uwindaji nchini huitaja kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wakubwa wenye hatari. Hutoa kipande cha risasi cha gramu 19 hivi kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Ikimkosa nguruwe haisimami kwenye mpaka wa shamba. Inaendelea kwa kilomita kadhaa, na Handeni ya sasa si pori lile la mameneja wa mkonge. Nyuma ya mahindi kuna nyumba, nyuma ya nyumba kuna zizi la Mmasai aliyehamia, na nyuma ya zizi kuna shule.

Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, hufanya kazi ya nguruwe na nyani katika umbali wa mita 30 au 40, na zaidi ya hapo nguvu zake huanguka haraka. Kwa mlinzi wa shamba upungufu huo ni faida. Risasi zake ni rahisi zaidi, na huhitaji ufundi mdogo kuitunza. Mkulima anayechagua raifo kwa sababu "ina nguvu zaidi" ananunua lori la tani 10 kubebea debe mbili za mahindi. Mafuta atalipa yeye.

Tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake. Ekari 20 kwa magunia 8 kila ekari ni magunia 160. Gunia likiwa shilingi 60,000, mavuno yote ni shilingi 9,600,000. Wanyama wakila sehemu moja ya kumi, hasara ni magunia 16, yaani shilingi 960,000. Hakuna bunduki inayozuia hasara yote. Nguruwe hujifunza upesi, na nyani humtambua mwenye silaha kutoka mbali. Tuseme inaokoa nusu: shilingi 480,000 kwa mwaka.

Upande wa pili, raifo imetajwa shilingi 3,000,000. Kabati la chuma la kuihifadhi, safari za Chanika, Korogwe na Tanga mjini kufuatilia maombi, ada, picha, na fundi wa kuikagua, weka 800,000. Mtaji ni 3,800,000. Risasi 10 kwa mwaka kwa shilingi 15,000 kila moja ni 150,000. Faida halisi inayobaki ni shilingi 330,000 kwa mwaka. Mtaji utarudi baada ya miaka 11 na nusu, kwa sharti kwamba bunduki haitaharibika, haitaibiwa, na mwenyewe atakuwa na nguvu ya kukesha kwa miaka yote hiyo.

Fedha hizo hizo zikinunua mahindi msimu wa mavuno kwa bei ile ya 60,000, zinapata magunia 63. Yakihifadhiwa vizuri hadi bei ipande, na kila gunia likaacha shilingi 10,000 tu baada ya gharama za mifuko na dawa ya dumuzi, faida ni 630,000 kwa msimu mmoja, na mtaji upo pale pale. Mwalimu yeyote wa biashara angeiita hiyo gharama ya fursa iliyopotea. Mkulima wa Handeni haiiti kwa jina hilo, lakini anaijua vizuri kila Februari anapomwona jirani yake akifungua ghala.

Atakayesema kwamba hesabu hii imesahau tembo na nyati atakuwa na haki kidogo. Upande wa Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na upande wa Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, wanyama wakubwa huvuka mipaka bila kuuliza. Lakini tembo si mnyama wa kufukuzwa na mkulima mmoja mwenye bunduki ya mzee. Kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori, na hata wao huenda kwa kundi. Kwa hasara ya wanyama wa aina hiyo kuna kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011, zinazolipa kwa ekari na zenye kikomo cha ekari tano. Malipo ni madogo na huchelewa, malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo ni madogo kwa mtu aliye hai.

Tuseme basi kwamba mnunuzi amepima yote hayo na bado anaitaka raifo. Pengine anakusudia kuwinda kwa leseni msimu unapofunguliwa Julai, ambayo ni sababu halali kabisa. Huyo anahitaji kujua namna ya kuikagua, na hapa inafaa kwenda taratibu.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha haina risasi, kwa jicho na kwa kidole, hata kama muuzaji ameapa. Kisha namba. Namba iliyopigwa kwenye mwili wa bunduki ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kitabu, tarakimu kwa tarakimu. Nyingi za raifo hizi zina namba pia kwenye komeo, kile chuma kinachosukumwa na kuvutwa kuingiza risasi. Namba ya komeo ikitofautiana na ya mwili, maana yake komeo limetoka kwenye bunduki nyingine. Linaweza kuingia vizuri na kufunga vizuri, lakini likaacha nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho kati yake na ganda la risasi. Nafasi hiyo ndiyo inayopasua ganda, na moshi wa moto hurudi usoni mwa mpigaji.

Maandishi ya aina ya risasi kwenye mtutu yasomwe hadi mwisho. Zipo .375 za aina zaidi ya moja, na zisizokuwa za kawaida hazipatikani dukani. Bunduki nzuri ya .404 iliyotengenezwa kabla ya vita inaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu anayeiuza amehangaika miaka mitano kutafuta risasi zake. Mnunuzi akifurahia urahisi wa bei hiyo, atakuwa amenunua tatizo la mwenzake.

Komeo litolewe na mtutu utazamwe ndani kuelekea kwenye mwanga. Mistari inayozunguka ndani yake iwe na kingo kali, na chuma king'ae. Madoa meusi yenye vishimo ni kutu iliyokwisha kula. Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Aliyepiga asubuhi asisafishe kwa maji ya moto na mafuta jioni hiyo hiyo, aliiachia kutu. Vishimo vichache haviui bunduki, ila vinapunguza bei. Mdomo wa mtutu nao utazamwe, maana waliosafisha kwa kusukuma fimbo ya chuma kutokea mbele wameula upande mmoja, na bunduki yenye mdomo ulioliwa haipigi palipolengwa hata ikishikwa na bingwa.

Kitako cha mti husema ukweli ambao muuzaji amenyamazia. Bunduki za .375 na .458 hurudi nyuma kwa nguvu, na mti huanza kupasuka nyuma tu ya chuma, pale kidole gumba kinapopita. Penye waya uliozungushwa, msumari, au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu, pana ufa. Kitako kipya hutengenezwa, lakini kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Fundi wa magobore wa kijijini, hata akiwa hodari namna gani, hana ruhusa ya kuigusa, na akiigusa anamponza mwenye mali.

Kifungio cha usalama nacho kina kisa. Baadhi ya BRNO za zamani zina kifungio kinachokwenda kinyume na bunduki nyingi nyingine: panapodhaniwa pamefungwa ndipo pamefunguliwa. Aliyeizoea bunduki nyingine akapewa hiyo gizani anaweza kuua mtu bila kukusudia. Mnunuzi aulize, ajaribu bila risasi, na arudie hadi mkono ukumbuke.

Mwisho ni kuipiga. Hiyo hufanywa na mwenye leseni au mahali polisi walipokubali, kamwe isiwe nyuma ya nyumba. Risasi tatu kwa mita 50 zinatosha. Kuliko matundu kwenye karatasi, mnunuzi ayatazame maganda yaliyotoka. Ganda lenye mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako chake, au lenye ufa, limetoa hukumu: bunduki hiyo haifai kununuliwa kwa bei yoyote mpaka fundi airekebishe. Na zile risasi 12 za zamani zenye ukungu wa kijani ambazo muuzaji anazitoa kama "nyongeza" zisihesabiwe kuwa mali. Zikabidhiwe polisi.

Yote hayo hayana maana kama karatasi hazipo sawa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Umiliki wa silaha nchini sasa unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni ni ya mtu, haifuati bunduki. Kitabu cha marehemu hakimpi mjane haki ya kuuza wala mnunuzi haki ya kubeba. Mwenye silaha akifariki, silaha hukabidhiwa polisi, na anayeitaka, awe mrithi au mnunuzi, huomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Maombi huanzia serikali ya kijiji na kata, hupita kwenye vyombo vya ulinzi na usalama, na yanaweza kukataliwa.

Kwa hiyo anayelipa shilingi 3,000,000 leo na kuanza kuomba kesho amenunua tumaini. Maombi yakikataliwa, muuzaji amekwisha somesha watoto kwa fedha hizo. Kibaya zaidi, kuichukua bunduki nyumbani "kwa muda" wakati maombi yanaendelea ni kumiliki silaha bila leseni, na kosa hilo lina kifungo.

Hatari hiyo si ya nadharia. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilipita vijijini kusaka majangili na silaha. Ilisitishwa mapema Novemba mwaka huo baada ya malalamiko ya mateso, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao Desemba. Mwaka 2016 ukafuata uhakiki wa silaha nchi nzima, ambapo kila mmiliki alitakiwa kuonyesha bunduki na kitabu chake. Bunduki ambayo haikuhakikiwa wakati ule ina alama ya kuuliza mpaka leo. Mnunuzi aulize: je, hii ilihakikiwa, na ushahidi uko wapi? Jibu la "mzee alikuwa mgonjwa" linaweza kuwa kweli na bado likawa sababu ya kuiacha.

Hali kadhalika, mchango wa ndugu watatu. Kwenye trekta mpango huo ni mzuri. Kwenye bunduki, sheria inajua jina moja. Ndugu mkubwa akiwa na leseni na mdogo akaenda nayo shambani usiku kwa sababu ni zamu yake, wote wawili wako hatarini. Fedha zimetoka mifuko mitatu, matumizi ni ya mtu mmoja, na siku ya kugombana hakuna wa kugawana mtutu. Wanaotaka kushirikiana wanunue mashine ya kupukuchua.

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huu mrefu ndio unaowafanya watu wabaki na magobore. Hoja hiyo ina uzito. Uzigua imeijua bunduki tangu karne ya 19, wakati bandari za Pangani na Saadani zilipoingiza bunduki na baruti kwa wingi, na gobore halijatoka vijijini tangu hapo. Polisi wametoa msamaha mara kadhaa kwa wanaosalimisha kwa hiari, na bado magobore yapo. Mkulima anayefuata sheria anazunguka ofisi miezi, ilhali jirani yake mwenye gobore analinda shamba usiku huo huo. Wanaosimamia leseni wangesaidia sana kama wangetoa jibu, hata la kukataa, kwa muda unaojulikana. Soko lisilojua majibu yatatoka lini hujaa madalali.

Hata hivyo ugumu huo una upande mmoja unaomfaa mnunuzi. Wanaoweza kununua raifo kihalali ni wachache, na mjane anayeuza hawezi kuisimamisha barabarani Segera akasubiri wapita njia. Kila mwezi inaokaa, kutu inafanya kazi. Muuzaji ndiye mwenye haraka. Mnunuzi mwenye kibali mkononi ana nguvu ya kutaja bei, na mwenye fedha bila kibali hana nguvu yoyote, ingawa ndiye anayejidai zaidi.

Mapatano yanayoeleweka ni haya: bunduki ibaki polisi au kwa mwenye leseni halali, mnunuzi alipe gharama za ukaguzi kutoka mfukoni mwake, waandikiane kwamba bei ni kiasi fulani endapo kibali kitatoka kabla ya tarehe fulani, amana, kama lazima iwepo, isizidi kile ambacho mnunuzi yuko tayari kukipoteza. Baki ilipwe siku jina lake linapoandikwa kitabuni. Kasoro za kitako, mdomo wa mtutu na namba zisizolingana zikatwe kwenye bei kwa makadirio ya fundi, hata muuzaji akikunja uso.

Akikataa masharti hayo, mkulima arudi Sindeni na fedha zake. Msimu wa kununua mahindi haujafungwa, na shotigani iliyotumika, ndogo na nyepesi, itasikika tena Manundu kabla ya mvua za vuli.